Mahame na Kijiji

Watu wengi wakisikia neno utamaduni, mawazo yao hukimbilia kwenye ngoma, mavazi ya kale, matambiko na vinyago. Hayo yote ni sehemu ya utamaduni, wala hatuna nia ya kuyabeza. Lakini utamaduni wa taifa haukomei hapo. Namna mtu anavyojenga nyumba yake, anavyolima na kugawana mavuno, anavyomwita jirani amsaidie na anavyomlipa jirani huyo fadhila, hayo nayo ni utamaduni. Tena ni ule utamaduni unaobeba maisha ya kila siku. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, hakuiunda kwa ajili ya ngoma peke yake.

Madhali ndivyo hivyo, hapana budi tukubali pia kwamba mageuzi yoyote ya uchumi ni mageuzi ya utamaduni. Anayebadili mahali pa kujenga nyumba amebadili ujirani. Anayebadili mwenye shamba amegusa urithi, ndoa na heshima ya wazee. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kuutazama mkoa mmoja, yaani Singida, na mageuzi yaliyougusa kila mlango: kuhamishiwa kwa wakulima na wafugaji katika vijiji baada ya mwaka 1973. Sisi tulizaliwa na kukulia huko. Tulihamishwa pamoja na wazazi wetu tungali wanafunzi wa shule ya msingi, na baadaye tukafanya kazi ya ualimu katika vijiji hivyo hivyo. Kwa hiyo tunayoyasema hapa, mengine tumeyasoma na mengine tumeyaona kwa macho yetu.

Kaya na samadi

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania, katika nyanda za juu zilizo kame. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma mnamo Aprili. Miezi mingine yote ni kiangazi. Mito mingi hukauka, na maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo kandokando ya mji wa Singida, ni ya maji ya chumvi. Humo wanakaa Wanyaturu, ambao pia hujiita Warimi. Wanyiramba na Wanyisanzu upande wa kaskazini. Wagogo na makabila mengine upande wa Manyoni. Wataturu na Wabarbaig walio wafugaji. Na Wahadzabe, ambao tangu zamani wameishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi.

Katika nchi ya namna hiyo udongo huchoka upesi. Hilo ndilo fumbo ambalo wazee wa Unyaturu walilifumbua zamani, na ufumbuzi wao ulikuwa ng'ombe. Kila kaya ilijengwa mbali kidogo na nyingine. Palikuwa na nyumba ya tembe, yenye kuta za miti na udongo na paa bapa lililofunikwa kwa udongo, na karibu nayo palikuwa na zizi. Samadi ya zizi hilo ilisombwa na kumwagwa katika mashamba yaliyoizunguka kaya, na humo uwele na mtama viliota mwaka hata mwaka pasipo watu kuhamahama. Mwaka wa mavuno mengi, nafaka iliyozidi ilibadilishwa kwa mifugo. Mwaka wa njaa, mifugo ilibadilishwa kwa nafaka. Mtaalamu wa Kimarekani, Harold Schneider, aliyewachunguza Wanyaturu na kuchapisha kitabu juu ya uchumi wao mwaka 1970, aliwaeleza kuwa ni watu wanaopima faida na hasara kwa makini katika kila ng'ombe wanayempokea na kila debe la nafaka wanalolitoa. Wazee wetu wasingelishangaa kuambiwa hivyo.

Yafaa jambo hili tulikazie, kwa sababu ndilo mzizi wa yote yanayofuata. Kutawanyika kwa kaya hakukuwa uzembe, wala ujinga wa kutojua faida ya kukaa pamoja. Mgeni apitaye barabarani aliona nyumba zilizosambaa huku na huko, akadhani kila mmoja anaishi kivyake. Kumbe kila kaya ilihitaji ardhi yake ya kuizunguka, kwa kuwa samadi ni nzito na mgongo wa binadamu hauwezi kuibeba mbali. Umbali wa kutoka zizini hadi shambani ndio uliowaelekeza watu mahali pa kujenga.

Na ujirani ulikuwapo. Mwenye kaya aliyetaka kulima shamba kubwa, kujenga tembe au kupura nafaka, aliandaa pombe ya mtama na kuwaalika majirani. Walikuja asubuhi na majembe yao, wakafanya kazi kwa nyimbo, na jioni wakaketi kunywa. Aliyealika leo alijua kwamba kesho ataalikwa, na asiyekwenda kwa wenzake alijikuta yuko shambani peke yake huku mvua ikimpita. Deni hilo halikuandikwa popote, lakini hapakuwa na mtu asiyelijua.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba yote yalikuwa mema. Tajiri wa ng'ombe aliweza kuandaa pombe nyingi na kulimiwa shamba kubwa, ilhali maskini asiye na ng'ombe hakuwa na samadi wala nafaka ya kupikia pombe. Wanawake walilima, wakatwanga, wakateka maji ya mbali, lakini juu ya ardhi hawakuwa na sauti. Jadi yetu ilikuwa na haki zake na dhuluma zake, na yeyote anayeitetea hana budi kuyataja yote mawili.

Ahadi ya Azimio

Mipango iliyobuniwa mbali na watu wa Singida haikuanza baada ya Uhuru. Wajerumani walileta kodi, Waingereza wakaiendeleza, na vijana wengi wa Unyaturu na Unyiramba wakaenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya katani ili wapate fedha za kulipia. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Katika miaka ya 1940 wakaing'oa. Wenyeji hawakuulizwa ilipoletwa, wala hawakuulizwa ilipoondolewa.

Kwa sababu hiyo, Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, watu wengi walilipokea kwa matumaini makubwa. Kwa mara ya kwanza serikali ilisema kwamba mkulima ndiye nguzo ya nchi, na kwamba unyonyaji wa mtu kwa mtu ni jambo la aibu. Mwezi Machi wa mwaka huo ilifuata Elimu ya Kujitegemea, na Septemba likafuata andiko la Ujamaa Vijijini. Ndani ya andiko hilo Mwalimu Nyerere aliurejea ujima wa jadi, akausifu kwa kushirikiana kwake na akaulaumu kwa umaskini wake na kwa unyonge wa wanawake ndani yake. Alitaka vijiji vya ujamaa vijengwe na wananchi wenyewe kwa hiari, akaonya kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuwa mjamaa.

Hoja yenyewe ilikuwa nzito, na hata leo haijapoteza uzito wake. Serikali changa isingaliweza kupeleka shule, zahanati na kisima penye kila kaya iliyo peke yake. Watu wakikaribiana, mwalimu mmoja anafundisha watoto wa kaya nyingi, na bomba moja linawanywesha wote. Mama aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kuchimba maji katika mchanga wa korongo hakuhitaji kufafanuliwa maana ya maneno hayo. Mwaka 1971 serikali iliweka shabaha ya kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake katika muda wa miaka 20. Shabaha hiyo haikufikiwa, lakini ni vizuri wanafunzi wa leo wajue kwamba iliwekwa, na kwamba watu waliiamini.

Hiari, hata hivyo, ilikwenda polepole. Hadi mwaka 1973 ni takriban watu milioni 2 tu, katika nchi nzima, waliokuwa wakiishi katika vijiji vilivyopangwa. Mwezi Novemba mwaka huo ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya mwaka 1976 kumalizika. Kufikia mwaka 1977, kwa hesabu za serikali, watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wamekwisha kuingia vijijini. Katika historia ya Afrika ni nadra kupata watu wengi kiasi hicho waliobadilishiwa makao katika muda mfupi namna hiyo.

Siku za operesheni

Majirani zetu wa Dodoma walikuwa wametutangulia katika Operesheni Dodoma, iliyoanza mwaka 1971. Kwetu sisi zamu ilifika mwaka 1974, katika kiangazi. Alikuja kijana mmoja aliyetumwa kupima viwanja, akiwa na kamba, vigingi na daftari. Alikuwa mtu wa adabu, nasi watoto tulimpenda kwa sababu alituruhusu kushika ncha ya kamba. Alipima barabara iliyonyooka, akachomeka vigingi kwa safu, kisha akawaita wenye kaya mmoja mmoja awaonyeshe mahali pao.

Zamu ya babu yetu ilipofika, kijana alimwonyesha vigingi vinne. “Ndugu mzee, hapa ndipo kiwanja chako. Ukubwa wake ni sawa na wa wenzako wote, hakuna atakayependelewa.”

Babu akakizunguka kiwanja kile taratibu, akauliza, “Sawa, mwanangu. Na zizi nitaliweka wapi?”

“Ng'ombe watakaa ng'ambo ya korongo, mzee wangu. Hapa katikati ya nyumba hawaruhusiwi, kwa ajili ya afya.”

“Na shamba?”

“Shamba la kijiji litakuwa kule bondeni. La kwako utagawiwa baadaye.”

“Na samadi yangu?”

Kijana akatazama katika daftari lake. Daftari lilikuwa na safu ya jina la mwenye kaya, idadi ya watu na namba ya kiwanja. Safu ya samadi haikuwamo. Hatutaki kumlaumu, kwani hakulitengeneza yeye daftari lile. Alimjibu babu kwa heshima kwamba jambo hilo atalifikisha kwa wakubwa, na nadhani alilifikisha kweli. Jibu halikuja.

Tukabomoa tembe, tukachukua nguzo na boriti zilizofaa, tukahamia kandokando ya barabara. Katika sehemu nyingine za nchi operesheni iliendeshwa kwa ukali, na nyumba za watu zikachomwa moto ili wasirudi. Kwetu haikufikia hapo, lakini hapakuwa na aliyedhani kwamba angeweza kukataa. Tuliyoyaacha nyuma yaliitwa kwa neno lililo la kale katika Kiswahili: mahame. Ni mahali palipohamwa na watu, ambapo ukuta umeanguka na mti wa kivulini bado umesimama.

Lakini mahame ya Unyaturu yalikuwa na kitu kingine. Ardhi yake ilikuwa imelishwa samadi na vizazi vitatu au vinne. Nyumba ilihama kwa siku mbili. Rutuba ile isingaliweza kuhama hata kwa miaka 20. Vijijini ng'ombe wa kaya nyingi walirundikana mahali pamoja, majani yakaliwa hadi mizizi, na samadi ikawa chungu kubwa mahali pasipo na shamba, ilhali mashamba mapya yalikuwa mahali pasipo na samadi. Babu yetu alikuwa akijaza kikapu cha samadi kila asubuhi ya kiangazi na kwenda nacho mahame, mwendo wa karibu saa nzima. Alipoambiwa kwamba kazi ile haina maana kwa umri wake, alijibu kwamba shamba lile lilimlisha yeye na baba yake, na sasa kwa kuwa limehamwa na watu, asingependa lidhani limesahauliwa.

Haki inatutaka tuongeze kwamba mvua za miaka ya 1973 na 1974 zilikuwa haba, na kwamba bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafla duniani kote tangu mwishoni mwa mwaka 1973. Taifa lililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Si sahihi, basi, kuitupia operesheni peke yake lawama ya upungufu wa chakula wa wakati ule. Lakini wakulima waliohamishwa wakaacha udongo wao bora waliingia katika ukame huo mikono mitupu.

Yaliyosimama na yaliyoanguka

Tukitazama nyuma leo, baada ya nusu karne, tunaona kwamba mageuzi yale yalizaa matunda ya aina mbili, na inafaa tuyatenganishe.

Yako yaliyosimama. Shule ni la kwanza. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi, na mwaka 1977 mpango huo ukaanza kutekelezwa nchi nzima. Madarasa yalikuwa ya udongo na walimu wengine walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, lakini dada zetu, ambao kabla ya hapo wangaliachwa nyumbani kuchunga ndama, waliketi madawatini pamoja nasi. Jioni wazazi waliingia katika madarasa yale yale kwa elimu ya watu wazima. Mama yetu alijifunza kusoma akiwa na mtoto mgongoni. Siku ya kwanza alipoweza kusoma barua ya kaka yetu aliyekuwa jeshini, aliisoma mara tatu, kisha akaenda kwa jirani akamsomea na yeye. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1986 walikuwa wamebaki takriban 10. Watu wakiketi katika darasa moja Wanyaturu, Wanyiramba, Wasukuma na Wagogo, hawana budi kuzungumza lugha moja; na hivyo Kiswahili kikaacha kuwa lugha ya ofisi na mnadani, kikawa lugha ya kisimani.

La pili lililosimama ni serikali ya kijiji. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilikipa kijiji kilichoandikishwa Mkutano Mkuu wa watu wazima wote na Halmashauri ya watu 25 wanaochaguliwa. Mwanzoni wengi walidhani kuwa ni chombo cha kupokea amri tu. Lakini watu walioketi pamoja miaka mingi, wakabishana juu ya kisima na mipaka ya malisho, hujifunza kuhoji. Wanawake nao waliingia katika mikutano ambayo baraza la wazee lisingaliwaruhusu kuikaribia.

Yako pia yaliyoanguka, na kubwa kati ya hayo ni shamba la ujamaa. Kila mwenye nguvu alitakiwa kwenda kulima huko siku zilizopangwa, na jina lake liandikwe katika daftari la mahudhurio. Watu walikwenda. Lakini waliofika saa moja walimkuta aliyefika saa nne ameandikiwa siku sawa na wao, na magugu ya shamba la kijiji yakawa marefu kuliko ya shamba la mtu yeyote. Wageni wengi walisema kuwa Mwafrika ameusahau ujima wake. Sisi hatuoni hivyo. Wakati ule ule, watu wale wale walikuwa wakialikana kwa pombe na kulimiana mashamba yao kwa nyimbo. Ujima haukufa, ulikataa kuingia mahali ambapo haukujengewa mlango. Katika ujima wa jadi mwenye kazi anajulikana, siku ya kazi ina mwanzo na mwisho, na deni linarudi kwa aliyekopesha. Shamba la kijiji halikuwa na mwenyeji wa kukukaribisha wala wa kukushukuru, na mavuno yake yaliuzwa kwa bei iliyopangwa mbali, fedha ikachelewa, na hesabu yake wengi hawakuielewa. Jina la jadi lilichukuliwa, lakini masharti yaliyoifanya jadi ifanye kazi yaliachwa nyuma pamoja na samadi.

Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na mkulima akaachwa na mnunuzi mmoja, yaani shirika la umma. Vyama hivyo vilikuwa na wezi wao, hilo halifichiki. Hata hivyo vilipoondoka, mkulima alipoteza mahali pa kulalamikia. Na serikali yenyewe ililiona jambo hilo, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982.

Kosa la kuwapangia watu pasipo kuwauliza lilionekana wazi zaidi kwa Wahadzabe. Tangu miaka ya 1960 walikusanywa mara kadhaa katika makao ya kudumu, katika bonde la Yaeda na upande wa mkoa wetu pia, wapewe majembe na shule. Kila mara wengi wao walirudi porini. Walioyapanga makao yale walikuwa na nia njema. Lakini walihesabu kile ambacho Wahadzabe hawana, wala hawakuhesabu kile walicho nacho. Nje ya nchi yetu mambo hayakuwa tofauti sana: Msumbiji baada ya uhuru wake wa mwaka 1975, na Ethiopia katika miaka ya 1980, wakulima walikusanywa vijijini kwa amri, na huko nako wengi waliyarudia mashamba yao amri ilipolegea.

Kurudi mahame

Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 uchumi wa taifa uliyumba sana. Sabuni, sukari na jembe vikawa vitu vya kupangiwa foleni. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka, na mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ikafikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Biashara ikafunguliwa, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha. Mageuzi ya pili yalikuwa yameanza, na safari hii yalikwenda upande wa kinyume. Nayo pia hayakuanza kwa kuuliza. Duka likajaa bidhaa, lakini ada ya shule ikarudi, na zahanati ikataka fedha kwa mgonjwa aliyekuwa akitibiwa bure.

Katika miaka hiyo wengi walianza kurudi mahame. Hawakutoa tangazo; mmoja alijenga kibanda cha msimu, mwingine akahamishia ng'ombe wake, na baada ya miaka michache moshi ukaonekana tena chini ya miti ile ile. Ndipo likazuka swali lililokuwa limelala: ardhi hii ni ya nani? Ni ya aliyehamishwa, au ya yule aliyegawiwa na kijiji wakati wa operesheni? Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay lililotoka mkoani Arusha, ikabatilisha baadhi ya vifungu vya sheria hiyo na kutamka kwamba haki ya mtu katika ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba.

Hatimaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, ili kesi zisiendelee milele. Lakini ikaiweka ardhi ya kijiji chini ya Halmashauri na Mkutano Mkuu wa kijiji chenyewe, na ikakataza mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Wanafunzi wanapaswa kulitafakari hilo. Chombo kilichozaliwa na amri ya mwaka 1973 ndicho kilichokabidhiwa ulinzi wa ardhi. Na dhuluma ya jadi kwa mama zetu, ambayo Mwalimu aliitaja mwaka 1967, ikapata dawa ya kisheria baada ya miaka 32. Dawa kunyweka ni jambo jingine, na kazi hiyo ingaliko.

Funzo kwa mageuzi ya leo

Mkoa wa Singida ulikuwa na watu zaidi kidogo ya 600,000 katika sensa ya mwaka 1978. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya milioni 2. Ardhi haikuongezeka. Hakuna tena nafasi ya kila kaya kuwa na duara lake kama zamani, na anayedhani kwamba tunaweza kurudi tulikotoka anajidanganya. Mageuzi ni lazima. Linalobaki ni namna ya kuyaingiza.

Tutazame alizeti, ambayo leo imeufanya mkoa wetu ujulikane nchini, pamoja na vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Zao hili linavumilia ukame kuliko mahindi. Mkulima hulipanda pembezoni mwa mtama wake, hulipeleka kwenye kinu cha kukamulia kilicho mjini au kandokando ya barabara, naye hurudi na mafuta ya kupikia na mashudu. Mashudu huliwa na ng'ombe na kuku, na ng'ombe hurudisha samadi shambani. Kwa maneno mengine, alizeti ilikubalika kwa sababu iliingia katika mzunguko uliokuwapo tangu zamani. Mwaka 2021 serikali iliiweka Singida pamoja na Dodoma na Simiyu mbele katika kampeni ya zao hili. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo mkulima hukumbuka kuwa mafuta ya kutoka nje yakiingia kwa wingi bei ya mbegu zake huanguka, na uamuzi huo haufanyiki katika Mkutano Mkuu wa kijiji chake.

Kwa hiyo hatusemi kwamba serikali isipange. Nchi isiyopanga hupangiwa na wengine. Wala hatusemi kwamba kila alichokifanya babu kihifadhiwe kwa kuwa ni cha babu. Tunalosema ni kwamba kabla ya kuhamisha chochote, mpangaji aulize kitu hicho kinashikilia nini. Zizi lilishikilia shamba. Shamba lilishikilia pombe ya mwaliko. Mwaliko ulishikilia ujirani. Aliyeling'oa zizi kwa ajili ya usafi wa kijiji aliving'oa vyote vinne, naye alidhani ameng'oa kimoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka kuwaongoza wakulima hana budi kuinama aushike udongo wao.

Mwisho tunapenda kuwaachia walimu na wanafunzi kazi ya kufanya. Katika vijiji vingi bado wako wazee waliohamishwa wakiwa vijana, lakini kila mwaka wanapungua. Wanafunzi na waende kwao na madaftari, wawaulize mahame yao yaliitwaje, yalikuwa wapi, yalilimwa nini, zizi lilikuwa upande gani, na nani alialikwa siku ya kulima. Wawaulize pia walipata nini kijijini ambacho wasingalikipata mahame. Majibu yote mawili yaandikwe, kila moja katika safu yake, kwani taifa litapanga tena, na daftari lake litahitaji safu ambazo halikuwa nazo mwaka 1974.